Sahihi ya Mzazi

Saa kumi na moja kasorobo, Charambe. Maji yametoka.
Najaza ndoo nne na lile pipa la bluu,
kisha naamsha nyumba kama darasa:
safu ya kwanza, Siwatu; safu ya pili, Mikidadi.
Safu ya tatu ni baba yao, karudi zamu ya usiku bandarini.
Huyo namwacha.

Nyuma ya mlango nimepiga misumari mitano,
kila msumari na mfuko wake wa salfeti,
Jumatatu mpaka Ijumaa.
Rula, kalamu, shati, mia mbili ya maandazi,
vyote vinalala humo tangu Jumapili jioni.
Wazo nililiiba shuleni.
Au shule iliiba kwangu, sikumbuki tena,

maana visoda mia sita vya dukani kwa Mangi
nimevifunga kumi kumi ndani ya soksi zilizopoteza wenza.
Soksi tatu na visoda vinne: thelathini na nne.
La Pili B, watoto tisini na sita, madawati thelathini na moja,
wamejua makumi na mamoja
kwa harufu ya miguu ya wanangu.

Kamba ya kuanikia imevuka darasa, dirisha kwa dirisha,
silabi zinaning'inia kwa vibanio.
Siku ya upepo ng'ombe akapoteza kichwa,
tukamtafuta chini ya madawati, tukabaki na "ombe",
na kipindi cha hesabu kikaishia hapo.

Wakizidi kelele sigongi meza. Naanza, wanapokea:

Safu moja nyamazeni, safu mbili fungueni,
Safu tatu tazameni, visoda vi mkononi,
Aliye na njaa ndani, anambie sikioni,
Kengele haijalia, kazi bado twaifanya.

Ule mstari wa njaa niliuongeza mwezi wa pili.
Tangu hapo nanunua mihogo ya ziada.

Ijumaa, kikao cha wazazi. Nilisimama
na ile sauti yangu ya ubaoni:
"Mzazi asiyetia sahihi daftari la mwanawe
kapanda mchicha, kaenda zake, hakumwagilia."
Wakapiga makofi. Mama mmoja wa genge la nyanya
akainamisha kichwa.
Nikarudi nyumbani nimeyabeba makofi yale
kama mtu aliyebeba keki.

Usiku, daftari la thelathini na nane, umeme ukaisha kwenye luku.
Tochi ya simu, mdomoni.
Vyema. Vyema. Rudia. Vyema sana. Mbona umekata karatasi?
La hamsini na mbili halikuwa la La Pili B.
Jalada la kalenda ya mwaka juzi: nalijua, nililikunja mwenyewe.
Siwatu, Darasa la Nne.

Sahihi ya mzazi: nafasi tupu.
Sahihi ya mzazi: nafasi tupu.
Wiki ya tatu, tupu.
Wiki ya nne, jina langu,
mkia wa herufi ya mwisho umepinda vizuri
kama ninavyowafundisha watoto wa watu.
Chini yake wino mwekundu wa Mwalimu Ngonyani:
Mzazi afike.

Nani kaliingiza kwenye rundo?
Amelala, mguu nje ya chandarua,
mtoto aliyejua pa kuliweka
ili macho ya mama yake yapite juu yake.
Nimehudhuria semina nyingi za mbinu za kufundishia.
Hakuna aliyenipa mbinu kama hiyo.

Nikatia sahihi mara tatu, kwa nyekundu, sina kalamu nyingine.
Ile ya nne nikaiacha, ni yake.
Yule mama wa nyanya nitampitia kesho,
sijui nitaanza na neno gani. Labda nitanunua fungu.

Alfajiri nikatafuta nyundo. Msumari wa sita,
mfuko wa sita, daftari moja tu ndani,
la kutazamwa kabla ya yale tisini na sita.
Msumari ukapinda. Baba yao akaamka:
"Kwani wiki imekuwa na siku sita? Jumamosi wanaenda wapi?"
Nikamwambia, safu ya tatu, nyamaza,
njoo unishikie hapa.