Mpakato

Aliyelitunga jina hili nampa soda baridi.
Mpakato: kama kwamba kompyuta ilizaliwa usiku,
ikalia, ikatafutiwa mapaja.

Yangu naipakata kweli. Ofisi ya chama cha msingi, Kitangari,
meza ni moja, nayo imeshikwa na mihuri na madaftari,
basi hukaa hapa, juu ya kanga niliyoikunja mara nne,
maana tumbo lake huunguza kama pasi ya mkaa.

Mfaume aliinunua Mtwara mjini, ya mkono wa pili,
labda wa tano. Mgongoni ina kibandiko cha dubu
na jina la mtoto wa nchi nisiyoijua, nusu limebanduka.
Herufi ya K haipo. Kimebaki kidutu cha mpira
kama ufizi wa aliyeng'oka jino.
Msimu wa kwanza niliandika hivi:
orosho ghafi, ilo mia nne, mulima Issa Mchopa.
Mchopa akasoma, akauliza
kama makato sasa yamefika hadi kwenye herufi.

Siku hizi K naibonyeza kwa njiti ya kibiriti.
Hukaa sikioni mwangu kama penseli ya seremala.

Baba aliikuta ya kwanza kwenye ofisi za chama kikuu.
Ilikuwa na chumba chake, kiyoyozi chake, pazia la kijani.
Makarani walivua viatu mlangoni. Wakulima
walisubiri nje, benchi la jua.
"Ilipoa kama maiti," alisema, "na ilichojua ni madeni tu."
Kisha ikawa inapungua, msimu hadi msimu, kama kipande cha sabuni,
mpaka ikaja huku ndani ya begi, nyuma ya pikipiki,
haina pazia, haina wa kuivulia viatu,
ikanywa umeme wa jua kwenye foleni moja
na simu za watu kumi na wanane.

Mama alikuwa mbanguaji. Mapaja yake yalijua ungo.
Mafuta ya ganda yalimla vidole vikawa laini kama kijiko,
na walipokuja watu wa vitambulisho na mpakato wao mweusi,
kile kioo kidogo chenye taa hakikumwona.
"Weka tena, mama." Akaweka.
"Jipanguse kwanza." Akajipangusa.
Mara sita. Mashine ikashikilia kuwa hapakuwa na mtu.
Akacheka, akasema neno la Kimakonde
nisiloweza kuliandika hata K ikirudi.

Jana alikuja Binti Likapa na kopo la maziwa ya unga.
Ndani ya kopo, mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko, stakabadhi
ya chama cha zamani, kile ambacho kibao chake
sasa ni mlango wa banda la mbuzi.
Magunia matatu ya marehemu mumewe. Hayakulipwa.
"Nitazamie humo."
Nikamweleza: humu hamfiki huko, kumbukumbu yake inaanzia juzi.
"Kwa hiyo ilikuwa haijazaliwa."
"Ilikuwa haijazaliwa."
"Basi mtoto asiyekuwepo huhadithiwa. Iambie."

Jedwali letu lina jina, kilo, daraja, makato, malipo.
Hakuna safu ya jambo kama hili.
Nikafungua ukurasa mtupu, nikachomoa njiti sikioni.
Korosho. Kilo. Likapa. Kila K kwa njiti, polepole,
naye akinifuata kwa midomo, akinirudisha:
si Nandule, ni Nandule mdogo, mkubwa alikuwa mlevi.

Betri ilibaki asilimia tisa.
"Nipakatishe," akasema.
Nikamwekea mapajani, na kanga yake chini.
Akaudaka mfuniko kwa kiganja, kwa nyuma,
namna mtu anavyoshika shingo ya kichanga.
Akasoma, au akajifanya anasoma,
na baada ya kitambo akauliza, bila kuniangalia,
mbona ina homa.