Muhuri Uliokolea

Njombe, Julai. Nimeshuka stendi alfajiri
na koti la mtumba nililonunua Masasi,
muuzaji akicheka: koti, huku, la nini?
Sasa najua la nini.

Ofisi ya mbunge iko juu ya duka la pembejeo,
harufu ya mbolea inapanda ngazi pamoja na wageni.
Mbunge mwenyewe hayupo. Ukutani yupo, anatabasamu,
na chini yake kalenda ya mwaka juzi
ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa
kwa kuwa nayo ina sura yake.

Katibu, Bi. Mtewele, aliisoma barua ya chuo mara mbili.
"Somoe Nandonde. Wa Newala. Sayansi ya siasa."
Akavua miwani. "Siasa ina sayansi?"
Sikujua kama ni swali.
Akanionyesha birika.

Siku ya kwanza nilichemsha chai, nikahesabu fulana:
mia mbili na sita, zote saizi ya mtoto.
Siku ya pili nilijifunza kusema *Kamwene*,
na kungoja, maana salamu ya huku haina haraka,
inauliza ng'ombe, inauliza viazi, inarudi kwa mgonjwa.
Siku ya tatu nikakabidhiwa daftari la wageni:
ada, bati, jeneza, ada,
na mtu mmoja aliyeandika "mazungumzo",
akaketi mpaka jioni bila kuzungumza.

Usiku, soksi mbili mbili, nampigia mama.
Wanakula nini huko? Viazi.
Na maji?
Mama hupima kila mji kwa maji.
Kwetu tulinunua kwa ndoo;
niliujua uzito wa lita ishirini
kabla sijajua kuiandika ishirini.
Nikamwambia, mama, huku maji yananing'inia hewani,
yanalowesha kope.
Akanyamaza, kama mtu aliyesikia
jirani anachezea chakula.

Alhamisi akaja Mama Ngimbudzi kutoka bondeni,
viatu vya mpira, mfuko wa nailoni,
ndani ya mfuko mfuko mwingine,
ndani yake barua nne, kila moja na mwaka wake,
zote kuhusu bomba moja
lililokohoa siku ya uzinduzi,
utepe ukakatwa, likanyamaza.
Hii ilikuwa ya tano.

Nikaanza kama nilivyofundishwa: suala lako
litafanyiwa kazi.
Akanitazama kwa huruma,
kama mtoto aliyevaa shati la baba yake.
"Hilo najua, mwanangu. Nimefuata muhuri.
Wa mwaka jana ulipauka. Mhandisi wa maji
akasema hauonekani, labda barua haikufika.
Wewe nigongee uliokolea."

Muhuri ulikuwa kwenye droo, pedi yake ya wino
imekauka kama udongo wa kwetu mwezi wa kumi.
Bi. Mtewele alikuwa msibani na ufunguo wa stoo.
Nikafungua dirisha, nikaitoa pedi nje kwenye manyunyu,
nikahesabu hadi thelathini,
Mama Ngimbudzi akihesabu nami kwa Kibena,
akanipita, akanisubiri.

Nikagonga. IMEPOKELEWA.
Buluu, na tarehe, na ukingo wote wa duara.
Akaipuliza. Akaiinua kwenye mwanga
kama noti anayoishuku.
"Huyu anajua kazi," akaiambia picha ya mbunge.

Nakala yetu nikaipeleka kwenye faili.
Nikazikuta zile nne zimelala humo,
pembeni ya kila moja mwandiko tofauti,
wa mwanafunzi wa mwaka ule:
*litafanyiwa kazi, litafanyiwa kazi,*
mmoja aliandika kwa kalamu nyekundu, akapigia mstari.

Viazi vitano mezani, bado na udongo wake.

Jioni najaza kitabu cha fildi.
Kazi zilizofanyika: barua moja.
Changamoto: wino umekauka.
Ufumbuzi: maji.
Maoni ya msimamizi:
hapo pako wazi mpaka Ijumaa.