Daftari la Mbarouk

Fito nne, kaziegemeza kwenye goli la uwanja wa skuli,
Mbarouk Shaame, fundi wa maabara, hapa hapa Wete,
akaurusha kila mmoja mara thelathini
juu ya majani makavu. Hapana maji, hapana samaki,
chambo cha manyoya ya jogoo kikitua ndani ya sinia
aliloliazima kwa mamake bila ya kumwambia.
Akaandika. Daftari la hesabu, mistari ya buluu:
uzito, urefu, bei, umbali kwa hatua zake mwenyewe.
Ufito wa kijani, tisa juu ya kumi.
Mweusi, saba. Wa rangi ya kahawa, saba na nusu,
na hiyo nusu sijui aliikata kwa kisu gani.
Wa manjano, nne, na neno moja mbele yake: Tambi.

Nilikuwa na laki mbili na themanini.
Pesa za karafuu, ila sikuzichuma mimi;
mimi mkarafuu ulishanitema zamani,
tawi likabaki juu, nikashuka peke yangu,
na kiwiko cha kulia kikapona kwa kupinda
kama mpini wa upawa.
Nikasimama dukani kwa Sleyum, Chasasa,
daftari kifuani kama mgonjwa mwenye cheti:
"Nipe wa kijani."
Sleyum hakuniuliza mkono.
Muuzaji haulizi mkono, huuliza mfuko.

Asubuhi, maji yanajaa, nimesimama mikokoni
matope yamenifika magotini,
na ule wa tisa juu ya kumi unanivuta bega
kama mtoto anayetaka kurudishwa kwao.
Mbarouk ni mrefu, mkono wake mzima.
Tisa ile ilikuwa ya mkono wake,
ya majani yake makavu,
ya adhuhuri yake isiyo na upepo.
Kumbe nilinunua bega la mtu.

Wiki nzima nikamsema.
Nikamsema kinyozi, nikamsema sokoni penye vibua,
nikamsema hata mbele ya mamake,
naye akanijibu: "Hilo sinia langu, je, lilipata ngapi?"

Usiku wa Ijumaa umeme ulikatika.
Nikalifungua tena kwa tochi ya simu, na safari hii
nikaanzia nyuma, ambako mtu huandika akishachoka kuhukumu.
Penseli. Herufi ndogo, zimelala.
"Wa kijani: pete ya pili kutoka nchani ina makali,
italiza mshipi. Isuguliwe, ipakwe nta.
Mweusi: mpini unateleza ukilowa.
Wa manjano: haufiki mbali, hatua kumi na moja basi.
Labda umfae mwenye mkono mzito
au anayevua karibu."

Labda.
Neno hilo hakulipa alama.

Kutoka ninaposimama hadi kwenye mizizi
anapogeuka kolekole, nilikwenda nikahesabu
maji yakiwa yametoka: kumi na mbili,
na hatua zangu ni fupi.

Sleyum alinibadilishia, kwa hasara yangu,
akisikitika kama mtu aliyefiwa na faida.
Tangu hapo nimepata kolekole mmoja, wa kiganja,
na mkizi aliyenasa ubavuni kwa bahati mbaya yake.
Siwezi kusema ufito ndio uliowaleta.
Naweza kusema kiwiko hakikuniamsha usiku.

Kwa hiyo nami nikaazima penseli,
chini ya maneno yake nikaongeza yangu:
"Wa manjano. Mwezi mmoja, mikokoni, kiwiko kibovu.
Tambi ni kweli. Tambi yanitosha.
Kutu imeanza penye skrubu."

Jana kaja Mwanaisha wa kwa Mzee Faki,
anataka kununua, anatumia mkono wa kushoto,
keshasikia kuna daftari lenye tisa juu ya kumi.
Nikampa.
Nikamwambia aanze nyuma.