Hasi Arobaini na Tatu

Jumatatu, Kaunas. Theluji inasitasita dirishani.
Naandika hoja fupi, mistari minne tu:
chukua wakati wa kufika, toa wakati wa simu,
gawa sekunde kwa sitini, nipe wastani wa mwezi.
Remigijus anausubiri, kikao ni saa nne.

Wastani ukatoka mzuri.
Mzuri mno, nikautilia shaka.
Nikapanga rekodi, ndogo itangulie,
na ya kwanza ikanitolea macho:
simu, saa tisa na dakika hamsini na mbili usiku;
gari la wagonjwa mlangoni, saa tisa na dakika tisa.
Hasi arobaini na tatu.

Yaani walifika kabla hawajaitwa.
Walibisha hodi kwa mtu mwenye afya yake,
machela mkononi,
wakaketi kumngoja augue.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaitazama tarehe.
Jumapili ya mwisho ya Oktoba:
saa kumi ilipokaribia kugonga
nchi nzima ikarudishwa saa tisa,
usiku ukala saa ile ile mara mbili,
ya pili kiporo.
Jedwali letu halikuambiwa. Liliandika
kila lilichosomewa na saa ya ukutani.

Basi nikazigeuza nyakati zote mbili
ziwe za saa ya dunia, isiyojua kiangazi wala kipupwe,
nikatoa upya.
Kumi na saba.

Remigijus hatapenda. Tuliahidi kumi na mbili.
Ningeweza kuandika: iliyo chini ya sifuri, iruke.
Sharti moja dogo, nusu mstari,
na bibi Barkauskienė, ghorofa ya tano, Šilainiai,
asingekuwa amepiga simu.

Nikafungua sauti yake.
Anahesabu pumzi za mumewe kwa kunong'ona,
mpokea simu anamwitikia, ishirini, ishirini na moja,
wakipotea wanaanza tena.
Mara moja tu anauliza, "Wako wapi?"
Nyuma yake inasikika saa ya jikoni,
ambayo hakuna aliyekumbuka kuirudisha nyuma.

Sikusikiliza hadi mwisho.
Jedwali halina safu ya kilichofuata,
nami sikuulizwa.
Nimeihifadhi hoja. Wastani umepanda.
Remigijus anagonga kioo, ananionyesha mkono wake,
pale inapovaliwa saa.