Herufi ya Kufungulia

Wekulo alikuja Jumatatu na trei moja ya mayai,
kumi na matatu yamepasuka.
"Fundi Syombua, kile kilima cha Pangani kitaniua.
Niwekee mota. Lakini isiwe ndoa."

Anakaa Huruma, orofa ya tano.
Baiskeli hulala chini, mnyororo kwenye nguzo ya stima,
haiibwi kwa sababu hata wezi wana macho.
Mota haiwezi kulala nje hata usiku mmoja:
atapanda nayo ngazi, kwapani, kama jogoo wa kupeleka ukweni,
ailishe tokeni kidogo chini ya kitanda,
alfajiri washuke pamoja.

Mimi ni mchomeleaji. Miaka kumi na minane hapa Kariobangi
nimeunga milango, vitanda vya bweni, mageti yenye tausi,
na sijawahi kulipwa kwa kitu kinachoachana.
Kazi nzuri kwetu ni ile inayoishinda nyundo.

Gikomba nikapata mota ya skuta iliyokufa, kwa bei ya kugombana.
Betri nilizitoa ndani ya laptopu kongwe za Luthuli,
moja moja, nikizipima kama mtu anayechagua maharagwe.
Kigurudumu kiguse tairi la nyuma, kilisukume;
springi ikibane, wenzo ukiachie.
Kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ilikaa vizuri.

Jaribio la kwanza nililifunga kwa boliti nne.
Wekulo akahesabu: spana mbili, dakika kumi na moja,
mvua inanyesha na wateja wanapiga simu.
La pili, komeo la dirisha. Lilifunguka lenyewe pale Mathare,
mota ikaning'inia kwa waya,
ikiburutwa lamini kama mbuzi asiyetaka sokoni.

Usiku ule nililala na grisi kwenye kucha,
nikinong'ona maneno ya kazi:
funga, fungua. Ziba, zibua.
Pachika, pachua. Chomeka, chomoa.
Kumbe lugha nayo ina fundi wake.
Sauti ndogo imepenyezwa kwenye mkia wa kitenzi
kama pini, na kitenzi kizima kinaachia
bila kuvunjika, kiko tayari kurudi.

Nikafika kwenye neno langu mwenyewe, unga,
nikalitia ile pini. Likawa ungua.
Mkono wangu wa kushoto, wenye makovu, ulielewa kabla yangu.

Asubuhi sikuwasha mashine.
Nikalipasua bomba la kiti cha baiskeli mbovu,
nikatia bawaba ya geti, pini ya inchi tatu yenye pete,
na springi ya stendi ya bodaboda.
Vuta pete: mota iko mkononi.
Sukuma: ko! imeshika.
Niliurudia mlio ule hadi Oluoch wa masufuria
akauliza kama siku hizi nafundisha kuku.

Sekunde nne. Kilo nne na robo
kwenye mizani ya viazi ya Kwamboka.
Kigurudumu nilikivisha ngozi ya tairi la lori,
na penye tope zito bado kinateleza, sikumficha Wekulo:
hapo utasukuma kama zamani.

Pangani aliipanda ameketi.
Mayai mawili tu yalipasuka, na moja, anasema,
lilikuwa na nia hiyo tangu kwa kuku.

Jumapili nikapita Huruma kudai salio langu.
Uwanjani, binti yake Naliaka alikuwa juu ya baiskeli,
vidole vya miguu vinazitafuta pedali,
anapiga kelele, anazunguka, hana mzigo wowote.
Mota ilikuwa orofa ya tano, imelala.
Nyuma ya kiti kishikio changu kilikuwa wazi,
pete inacheza, hakijashika kitu.

Nilisahau kudai.
Nilisimama nikilitazama lile tundu
kama mtu aliyeonyeshwa sahihi yake.