Soli ya Kulia

Nyasi za Kapripointi hukatwa mara mbili:
usiku na kiboko, apandaye kutoka ziwani bila kiingilio,
asubuhi na mzee Lubango, kwa mashine inayokohoa.
Kisha chaki. Kisha wavu.
Kisha sisi tusio na kadi ya klabu,
tumejibandika kwenye waya kama dagaa kwenye chanja.

Jumanne tulikuwa sita:
mimi, na sindano yangu kwenye ukosi;
Tungaraza, aliyeacha kichwa cha mteja nusu;
Nyabise na ndoo ya sangara wa kukaanga;
pacha wa Igogo, wasioijua tenisi ila wanamjua Holo;
na mtu mmoja aliyekuja kutafuta kivuli.

Holo Nkwabi. Wa Mabatini, kule mlimani,
ambako ukidondosha chungwa linamfikia jirani wa tano.
Huko ndiko alikojifunza kuuwahi mpira.
Viatu vyake navishona mimi.
Usiniulize mara ngapi.

"Kumi na tano, sifuri," mwamuzi akatamka.
"Mbona bao moja linaitwa kumi na tano?" pacha mmoja akauliza.
"Wenye nacho hawahesabu mojamoja,"
Nyabise akajibu, bila kugeuka.

Na nyasi si saruji.
Saruji hukurudishia mpira kama deni la mtu mwaminifu.
Nyasi hukopa, huteleza,
hulipa nusu, tena kwa chini, magotini.
Holo alizidai zote.

Jumatano mvua ilivuka kutoka Ukerewe, tukiitazama.
Alhamisi tulikuwa arobaini, na sauti ya Tungaraza
ikaishia kwa binti wa Arusha, seti ya pili.
Jumamosi visubi wakapanda kutoka majini kama moshi
wakamwingia mdomoni kila aliyeshangilia.
Tukashangilia. Tukatema. Tukashangilia.
Yule wa kivuli alikuja na mkewe.

Jumapili. Fainali.
Nakibuule wa Entebe, mikono mirefu kama makasia,
na watu wake walivuka ziwa zima nyuma yake
wakiwa na ngoma moja na ndizi za wiki.
Seti ya kwanza yetu.
Ya pili yao; ngoma ikasema.
Ya tatu, nne kwa nne,
Holo akaukimbilia mpira wa pembeni
nikasikia *prap*.

Wengine walidhani ni raketi.
Mimi sauti hiyo ndiyo ugali wangu.
Soli ya kulia ilikuwa imecheka hadi kisigino.

Hakumtazama kocha. Alinitazama mimi.
Kiatu kikaruka waya, kikanidondokea kifuani,
kina joto, kina harufu ya majani na mguu.
Mwamuzi akaangalia saa.
Vidole vyangu, miaka ishirini na sita kwenye ngozi,
vikasahau tundu la sindano liko wapi.
Ni Mganda mmoja, shabiki wa Nakibuule,
aliyenitungia uzi.
Mwenzake akaibana soli kwa magoti.
Ngoma ilinyamaza.
Nikashona ovyo. Nikashona kwa meno.

Alishinda gemu ile.
Kisha akashindwa tatu zilizofuata.
Sitasema soli ndiyo iliyomponza. Soli ilikaa.
Mpira wa mwisho uligusa wavu, ukafikiri,
ukaangukia upande wetu.
Korongo mmoja akatua kwenye nyasi tupu
akatembea kama mkaguzi.

Jumatatu, Kirumba, kabla jua halijafika kwenye benchi langu,
Holo alikuja na kikombe cha mshindi wa pili ndani ya rambo.
Akakiweka kati ya gundi na misumari.
Hela nikaikataa. Akaiacha.
Kiatu cha kulia alikuwa amekivaa, ukijani haujatoka.
Akavua cha kushoto.
"Na hiki," akasema, "kabla hakijacheka.
Bukoba, mwezi wa nane. Nako kuna nyasi."

Tungaraza, wembe juu, mteja ana povu shavu moja,
akauliza kwa sauti aliyobakiwa nayo
meli ya Bukoba inaondoka siku gani.