Mtihani wa Kukunja

Kiwanda cha karatasi kilipofungwa, harufu nayo iliondoka.
Miaka ishirini na saba mji wetu ulinuka mayai viza,
na wageni walipopandisha vioo vya magari
tulicheka: hiyo ni harufu ya mshahara.
Sasa hewa ya Wisconsin ni safi.
Safi kama mfuko wangu.

Chuoni, binti wa dirishani aliniuliza
mara ya mwisho nilikaa darasani mwaka gani.
Nikamtajia. Akauandika taratibu,
kama mtu anayeandika tarehe ya marehemu,
kisha akanipa kadi yenye picha: MWANAFUNZI,
na chini yake mvi zangu, zote, bila haya.

Darasa ni karakana nyuma ya maegesho,
Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni hadi saa nne.
Nje theluji inafika magotini.
Ndani, vibanda kumi na viwili vyenye mapazia ya rangi ya chungwa,
na kila kibanda kina jua lake dogo
lisilotazamika kwa macho makavu.

Mwalimu ni Kou Xeng Thao. Ana miaka thelathini na moja.
Mama yake na mimi tulikuwa zamu moja, Mashine Namba Nne;
huyu nilimwona akibebwa mgongoni
kwa kitambaa kilichotariziwa konokono.
Leo ananishika kiwiko:
"Usiukimbize mkono. Sikiliza.
Mshono mzuri hulia kama nyama kikaangoni."
Wangu ulilia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kushoto yuko Brecken, mtoto wa juzi,
anayechomelea huku akipiga mluzi ndani ya kofia.
Kulia, Otis Skenandore, Mwoneida,
dereva wa lori hadi mgongo ulipomkatalia.
Hatuzungumzi sana.
Tunaazimana nyundo ya kubandulia gamba,
na mapumzikoni tunakunywa kitu cha moto
ambacho mashine ya ukutani inakiita kahawa.

Nyumbani, Verlyn, mume wangu:
samaki mkunje angali mbichi.
Hakusema hivyo.
Ndivyo alivyonyamaza.

Wiki ya kumi na moja, mtihani.
Unaunganisha mabamba mawili, yanakatwa vipande,
kila kipande kinatiwa kwenye shinikizo
kikunjwe hadi kiwe kama kwato ya farasi.
Ukifunguka ufa, umeanguka.

Cha kwanza kilishika.
Cha pili kilifumbua mdomo,
mwembamba kama ukucha wa kichanga, lakini mdomo.
Kou hakunifariji. Alikiweka mezani
akagusa mahali palepale kwa kidole:
"Hapa ulisita."
Kweli. Hapo nilikuwa nimewaza deni la nyumba.
Sikujua kwamba chuma husikia.

Basi nikarudia. Jumanne ile, na iliyofuata,
na Alhamisi ya dhoruba ambapo tulifika wanne tu.
Otis alifaulu, akachukuliwa na watengeneza meli wa ziwani.
Brecken aliacha kuja. Hakuaga mtu,
na glavu zake bado zimening'inia msumarini,
vidole vimekunjika kama vinashika kitu.

Sitasema moto ulinifunza uvumilivu;
uvumilivu nilikuja nao kutoka zamu za usiku.
Moto ulinifunza kutazama mahali padogo,
upana wa punje ya mchele,
na kupaacha pakiwa pameshikamana.

Jana usiku nilikitoa kipande mfukoni,
nikakiweka juu ya meza ya jikoni, kando ya bili.
Verlyn alikiokota. Akapitisha kidole gumba
juu ya mgongo uliokunjwa, kwenda, kurudi,
akitafuta ufa.
Akavaa miwani. Akatafuta tena.
Kisha, bila kuniangalia, akauliza
lile dirisha la usajili
hufungwa saa ngapi.